Nimeenda kuangalia bustani ya watu kijijini huku Uingereza, pauni 6 na keki pembeni: maoni yangu

Jamani nilirudi na matope mpaka kwenye pindo la dera, naandika sasa kabla sijasahau, maana nilipoweka picha status watu kama kumi wameniuliza ile ni hoteli gani na chumba shilingi ngapi. Sio hoteli wandugu. Ni nyumbani kwa watu. Mzee mmoja na mkewe, wote wamestaafu, wana nyumba ya matofali mekundu kwenye kijiji nje ya Leicester, nyuma ya nyumba wana bustani ekari moja na ushee hivi, na siku mbili tatu kwa mwaka wanafungua geti yeyote anayetaka aingie. Unalipa, unazunguka, unakunywa chai, unarudi kwako. Kijiji sikitaji maana pale ni makazi ya watu na kesho wanataka kulala.

Nilijuaje? Mi ni nesi wa kuzunguka majumbani, kazi yangu ni kuendesha kagari kutoka mlango huu kwenda ule, huyu sindano ya insulini, yule kidonda, mwingine mpira wa mkojo umeziba tangu usiku. Kuna bibi mmoja namfunga zile bandeji za kubana mguu, na zile ukitaka zikae vizuri hazitaki haraka, kwa hiyo tunapiga stori. Siku hiyo kaniuliza wikiendi nafanya nini, nikamwambia nalala. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema jua la nchi hii halina ahadi, nenda kaangalie bustani za watu, akachukua tableti yake (miaka themanini na kitu huyo, anaitumia kunishinda) akanifungulia tovuti ya National Garden Scheme, unaandika postikodi yako wanakuletea bustani zilizo wazi karibu na wewe wikiendi hiyo. Miaka tisa naendesha gari barabara hizi naona vibango vyao vya njano vimefungwa kwenye nguzo, nikajua ni matangazo ya mnada.

Basi Jumapili siku yangu ya ofu nikamchukua shoga yangu, yeye ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale kabisa, na hakutaka kuja. Anasema yeye alipe pauni sita kuangalia majani? Majani si yako nje hapa bure? Nikamwambia petroli yangu, chai juu yangu, njoo tu. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, tukafika saa nane mchana jua limetoka kali, paking ni kwenye shamba la jirani na shamba limelowa, kuna kijana na fulana ya njano anakuelekeza upaki wapi na wote pale wamevaa gambuti isipokuwa sisi wawili, mimi ndala za ngozi yeye viatu vya kufungia harusi. Kwa hiyo la kwanza kabisa kwenye maoni yangu, VAA GAMBUTI. Hata kama Juni. Hata kama wamesema jua.

Getini wameweka meza ya kukunja na mwavuli, mama mmoja jirani anakusanya hela kwenye bati la biskuti. Pauni 6 mtu mzima, watoto bure. Mashine ya kadi ipo ila mtandao hapo kijijini ni wa kudra za Mungu, tumesimama mashine inazunguka inazunguka mpaka foleni nyuma ikaanza kukohoa, mwisho shoga yangu akafungua pochi akatoa noti aliyokuwa kaificha kwa dharura. Kwa hiyo la pili, beba keshi.

Sasa wakati tunasubiri ile mashine ndo nikasoma bango walilobandika ukutani, na hapo ndo bustani yenyewe nikaisahau kwanza. Nilidhani hela wanakula wao, mtu ana bustani nzuri anafanya kabiashara, sina tatizo. Kumbe hela ni ya manesi. Wallahi. Bango linaeleza, na usiku nikakaa nikasoma zaidi, kwamba mwaka 1926 lile shirika la manesi wa majumbani, ambalo leo linaitwa Queen's Nursing Institute, lilikuwa linatafuta fedha. NHS, yani huduma ya afya ya serikali huku, haipo kipindi hicho, imekuja 1948, kwa hiyo nesi wa kumfuata maskini kitandani kwake alikuwa anaishi kwa michango. Mjumbe mmoja wa baraza lao anaitwa Elsie Wagg akatoa wazo kwamba nchi hii imejaa watu wenye bustani nzuri wanaziangalia peke yao, tuwaombe wafungue mageti, watu waingie shilingi moja kwa kichwa. Mwaka 1927 zikafunguliwa bustani 609, hata ya mfalme kule Sandringham ilikuwemo, na zikapatikana zaidi ya pauni 8,000. Pauni wakati huo ni shilingi 20, piga hesabu mwenyewe, ni kama vichwa laki na sitini vimepita getini.

Mi hapo kwenye shilingi ndo nikaganda. Maana sisi watu wa Tanga tumekua na shilingi, na kumbe miaka hiyo ya 1920 shilingi ya Afrika Mashariki waliifunga sawasawa na ya kwao, 20 kwa pauni, yani thamani ile ile aliyolipwa mkata mkonge wa Tanga ndo aliyolipa Mwingereza getini kuangalia mawaridi. Wao walishaizika ya kwao mwaka 1971 walipobadilisha hesabu za pesa, sisi tunayo mpaka kesho japo haina hali. Nikamtafsiria shoga yangu akasema, "Kwa hivyo hawa watu wafungua nyumba zao ndio nyinyi manesi mle?" Nikamwambia ndo hivo. Akasema basi angalau wangekupunguzia kiingilio.

Siku hizi mshahara wangu unatoka NHS, tuelewane. Hela ya bustani inaenda kwa hao Queen's Nursing Institute kwa mafunzo na kusaidia manesi, inaenda Macmillan ambao ni wa kansa, inaenda kwenye hospisi, zile nyumba za kutunza wagonjwa wasiopona, na inaenda Marie Curie. Hao Marie Curie nawajua vizuri. Ni manesi wanaokuja usiku kukaa na mtu anayefia nyumbani kwake ili familia ipate hata masaa matano ya kulala. Saa kumi jioni nina mgonjwa ambaye naona hafiki Alhamisi, binti yake hajafumba macho siku tatu, napiga simu kuuliza kama kuna mtu wa usiku, wakisema yupo, mi nikirudi kwenye gari nakaa dakika moja sijawasha. Sikuwahi kujiuliza huyo mtu wa usiku analipwa na nini. Kumbe kwa sehemu analipwa na keki ya karoti.

Haya tuingie ndani.

Unapita pembeni ya nyumba kwenye kinjia chembamba cha matofali, ukutani kuna waridi jeupe limepanda mpaka dirisha la juu, halafu kinjia kinakata kona na ghafla bustani yote iko mbele yako inateremka kwenda mtoni. Shoga yangu akasema "Yallah" akanyamaza, na huyu mtu hanyamazagi. Katikati ni ukoka, lakini ukoka huo umekatwa mistari mistari kijani iliyoiva na kijani changa kama kanga ya kisutu, unaogopa hata kuukanyaga na wao wanakwambia kanyaga tu. Kulia kuna tuta refu la maua, sijui mita thelathini, ndo lililo kwenye zile picha zangu. Nyuma kabisa yamepanda marefu kunizidi mimi, mbele yanashuka taratibu mpaka vile vya kutambaa vinamwagikia njiani, na rangi hazijarushwa tu ovyo, upande mmoja unaanza na bluu na zambarau za baridi, unatembea zinachanganyika na pinki, mwisho kule jua linakozama yote ni machungwa na mekundu kama makaa. Nikamuuliza mwenye nyumba mzee kama alichora kwanza. Akasema mkewe ndo anapanga, yeye kazi yake ni kuchimba na kukosea. Halafu akasema mwaka jana hapo katikati kulikuwa na kitu kingine, wakakichukia, wakakitoa Oktoba.

Nyuki sasa! Yale maua ya lavenda yalikuwa yanatingishika yenyewe bila upepo, ukiinama ndo unaona ni nyuki, wakubwa wale wenye manyoya kama wamevaa sweta, kila shina lina wawili watatu. Nimechuchumaa pale nikaangalia mmoja anaingia kwenye ua refu la kengele, anaingia wote mpaka makalio, ua linainama, anatoka kinyumenyume kapakaa unga mgongoni kama mpishi wa maandazi, anaruka la jirani. Nimekaa hapo mpaka mguu ukafa ganzi.

Kuna mahali chini karibu na kidimbwi (kina mayungiyungi meupe na vyura, watoto wote walikuwa huko wamelala kifudifudi) pana majani makubwa ya kivulini, mazuri kama ya magimbi madogo, lakini yametoboka toboka yote. Konokono wasio na nyumba. Mzee kasema kila usiku saa nne anatoka na tochi na ndoo anawakusanya kwa mkono kwa sababu dawa hataki, inaua mpaka ndege. Nikamuuliza ukiwakusanya unawafanya nini. Akaangalia pembeni akasema anawatembeza kwa gari. Sijauliza wanashushiwa wapi.

Kitu kimenichekesha ni hiki. Unatembea bustani ya Mwingereza unadhani kila kitu cha Kiingereza, kumbe nusu ni wahamiaji kama sisi. Yale mekundu marefu kama mwenge unaowaka ni ya Afrika, mengi kusini huko lakini yapo mpaka kwenye milima yetu ya Kenya na Tanzania kule juu kwenye baridi. Yale ya bluu ya duara kwenye vyungu ni Afrika Kusini. Na vile viua laini vya kivulini vya pinki na vyeupe vinavyouzwa kila supamaketi huku trei kwa trei, ambavyo ukigusa tumba la mbegu linapasuka puu, wao wanaviita busy Lizzie, asili yake ni kwetu Afrika Mashariki kabisa. Nikiwa mdogo tukienda kwa ndugu zetu kule Amani, Tanga, vilikuwa vinaota mtaroni tunavikanyaga. Hapa vina kibao chake na jina la Kilatini.

Halafu tukafika kwenye mboga, na hapa shoga yangu ndo alipata thamani ya pauni zake sita. Nyuma ya ua wa michongoma iliyokatwa kama imepigwa rula wana matuta ya mbao ya mboga, sukuma wiki wameipanda katikati ya maua kwa ajili ya uzuri eti, kuna maharage yamepanda kwenye fito, kuna vitunguu, na mwisho kabisa kuna maboga yametambaa mpaka juu ya lundo la mboji, majani yake yale machanga yenye vimanyoya, ncha zimejikunja, yani yale yenyewe kabisa. Mama mwenye nyumba alikuwa hapo anang'oa yaliyozidi anatupia kwenye mboji. Shoga yangu akanishika mkono kwa nguvu. "Mbona ayatupa haya?" Nikamwambia wao hawali. Akasema hawali vipi na yameiva ya kupikwa? Akamfuata moja kwa moja. Akamweleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba hiyo ni mboga, unamenya ule uzi wa kwenye bua hivi, akachukua moja akamwonyesha, unavuta kuanzia chini uzi unatoka mrefu, halafu unakatakata unapika na kitunguu na nyanya, ukimaliza unatia tui la nazi au karanga za kusaga. Yule mama akavua glavu. Akaomba arudie. Akaita mumewe aje aone. Kabla hujajua kuna watu saba wamesimama kwenye mboji wanafundishwa kumenya majani ya maboga na mtu wa Mji wa Kale aliyevaa viatu vya harusi vimejaa udongo. Tumeondoka na mfuko mzima bure, na mama kasema akija mwaka ujao aje na maelezo yameandikwa ataweka kwenye meza ya chai.

Na hiki ndo kitu bustani kubwa za kulipia hazina. Nimeenda zile maarufu, za majumba ya mabwana, ni nzuri mno sikatai, lakini huko unatembea nyuma ya kamba na ukiuliza swali unaambiwa soma kibao. Hapa aliyepanda yupo, ana udongo kwenye kucha, unamuuliza hiki kinaitwaje anakupa na historia ya ugomvi wake na mkewe kuhusu hicho kitu. Shoga aliomba kipande cha ua moja la kwenye chungu lenye majani ya kunukia ndimu, kwetu si unavunja tu kijiti kwa jirani, mi nikamfinya maana nimesoma kwamba kuvunja vunja bila ruhusa kwenye bustani za watu ni wizi na wanachukia kweli kweli. Lakini ukiomba, mzee alitoa kisu mfukoni akakata vitatu, akafunga na tishu ya maji.

Nimesikia pia kwamba sio kila mtu anakubaliwa tu kufungua, wanakuja kukagua kwanza, na kipimo chao cha miaka yote ni kwamba mgeni apate cha kumshikilia dakika kama 45. Sisi tumekaa masaa mawili na nusu. Tumefukuzwa.

Chai. Chai ni nusu ya safari, msidanganyike. Iko kwenye kibaraza cha vioo nyuma ya nyumba na meza zingine nje, keki wameoka wenyewe na majirani, nilihesabu aina tisa. Keki ya limau imelowa sharubati ya limau mpaka chini, hiyo chukua kabla haijaisha, mi nimepata kipande cha mwisho na nilikuwa tayari kugombana. Karoti sawa. Ya kahawa kavu. Kuna scone, sasa wewe usidhani ni skonzi ya kwetu ile laini ya kuchovya, hii ni ngumu kidogo unapasua unapaka jemu na malai mazito, na ukiuliza kipi kinatangulia jemu au malai unaanzisha vita, niliuliza makusudi. Chai yenyewe ni maji ya moto yaliyopitishwa karibu na jani. Hakuna tangawizi, hakuna hiliki, maziwa yanamiminwa ya baridi. Tumewasamehe kwa ajili ya keki.

Tukiwa tunakunywa, tunasengenya viatu vya watu kwa Kiswahili kwa raha zetu, mama mmoja wa Kihindi meza ya nyuma, mzee wa makamo ya mama yangu, akageuka akasema "Na vyangu je?" Tulitaka kuingia chini ya meza. Kazaliwa Kisumu, kaja Leicester na wazazi mwaka 1968 wale walipoondoka Wahindi wengi Kenya, Kiswahili chake safi kabisa na utani juu. Jifunzeni, Leicester usiseme mtu kwa Kiswahili, huwezi jua nani kalelewa Nyanza.

Sasa ndo kwenye dirisha la hicho kibaraza. Kuna rafu imejaa vijichungu vya yale maua ya ndani, madogo, majani manene mviringo yana vinyweleo kama velveti, ua la zambarau na kitone cha njano katikati. Nayajua, nusu ya wagonjwa wangu wanayo jikoni juu ya sinki, nimeyaona mpaka nimeacha kuyaona. Mama mwenye nyumba alipokuja kukusanya vikombe akatuuliza tumetoka nchi gani, nikasema Tanzania, sehemu gani, nikasema Tanga, hutaijua. Akaweka trei chini. Akasema Tanga ya Usambara? Akachukua kijichungu kimoja akanipa mkononi akasema basi hiki ni chako.

Jamani. Yale maua ni ya kwetu. Ni ya milima ya Usambara. Mjerumani mmoja, Baron Walter von Saint Paul, alikuwa mkubwa wa wilaya huko enzi za ukoloni wao, mwaka 1892 akampelekea baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayapa jina Saintpaulia kwa ajili ya hao akina Saint Paul. Wajerumani wenyewe mpaka leo wanayaita violeti ya Usambara. Waingereza wanasema violeti ya Afrika, na leo yapo kwenye madirisha dunia nzima, huku porini kwetu yanapoota kwenye miamba ya kivuli yanazidi kupungua kwa sababu misitu inakatwa. Na mimi nimesoma shule naiangalia milima hiyo dirishani kila siku ya Mungu nimekuja kuambiwa na bibi wa Leicestershire mwenye aproni. Sikujua nicheke au niombe maji. Shoga yangu yeye alijua, akasema "Unaona? Wachukua kisha wakuuzia pauni tatu." Maana ndo bei iliyoandikwa, pauni tatu, mezani kwa mimea ya kuuza. Nimenunua. Mama alitaka kunipa bure nikakataa nikasema weka kwenye bati la manesi.

Akanifundisha na jinsi ya kuzalisha, wapenzi wa maua chukueni hii, unakata jani moja na kikonyo chake kama nusu kidole, unakichomeka kwenye udongo laini wenye unyevu, unafunika na mfuko wa nailoni uliotobolewa, unaweka penye mwanga usio jua kali, baada ya wiki kadhaa vinachipuka vitoto pale chini. Maji unamwagia kwenye kisahani cha chini, usimwagie majani yakalowa, maji baridi yanaacha mabaka.

Malalamiko yangu sasa, maana mimi sikulipwa na mtu. Choo hakuna. Narudia, choo hakuna, ni nyumba ya watu na ndani hamuingii, ilibidi tuende hadi kituo cha mafuta na huyo mama wa Kisumu ndo aliyetuelekeza. Mwenye kiti cha magurudumu atateseka, njia kuu ni kokoto nzito na kule chini kwa kidimbwi kuna ngazi sita hazina pa kushika, nimeona baba mmoja amemwacha mkewe juu kwenye kiti akashuka kumpigia picha kwa simu, iliniuma, na ingetakiwa iandikwe mapema wazi kwenye tangazo badala ya mtu kugundua akiwa ameshalipa. Hakuna basi Jumapili, kama huna gari tafuta mtu. Saa kumi na moja juu ya alama wanaanza kukunja viti na wewe umekalia. Na tulikuwa weusi watatu ukimhesabu na kijana mmoja, hakuna aliyetufanyia ubaya hata kidogo, ila kuna mama mmoja aliniuliza mara mbili kama nimekuja kusaidia jikoni. Mara ya kwanza nikasema hapana. Mara ya pili nikamwambia ndiyo, unataka keki gani, nikamuuzia ya kahawa ile kavu.

Kwa jumla tumetumia kiingilio 12 wawili, chai na keki 9, ua 3, pauni 24, na mboga ya siku mbili bure. Nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu wataipata wakiweka choo. Kwa mlioko huku Uingereza na Wales, bustani ziko zaidi ya elfu tatu, kwa hiyo usiniambie kwenu hakuna, Uskochi wana mpango wao tofauti ila kazi ni ile ile. Msimu mkubwa ni Mei mpaka Agosti, Februari wanafungua kidogo kwa ajili ya viua vyeupe vya theluji ila mi siendi popote Februari. Pigia mstari ile siku, maana nyingine inafungua mchana mmoja tu mwaka mzima, ukikosa umekosa.

Majani ya maboga tuliyapika usiku ule ule, tui la kopo, sio mbaya.

Jana nimeenda kumfunga bibi yangu bandeji. Sijaweka hata begi chini, ananiuliza walikuwa na keki ya limau? Nikamwambia ilikuwepo, nimekula kipande cha mwisho. Akanyoosha mguu, akasema mwaka juzi ilikuwa na sukari zaidi.